Alfajiri ya Luqmani

Makorora, Tanga
11 Mei 2025

Shangazi Rahila,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Nasri, yule fundi wa injini ya boti, kwa kuwa simu huisikii na ujumbe wa maandishi, kwa maneno yako mwenyewe, wajukuu wanausoma kabla yako. Sisi huku hatujambo. Kaka Uweso kapata bajaji nyingine, asubuhi anapeleka watu Raskazone na jioni anawarudisha. Mvua zimepungua. Ukuta wa uani ulioanguka siku za ile arusi ya jamaa uliyoijia umeshajengwa.

Baba katolewa hospitali Alhamisi. Mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi. Hasemi. Tukimwambia neno anaelewa, na akitaka kitu anaonyesha kwa kidole cha mkono wa kushoto. Daktari Fanueli anasema maneno yanaweza kurudi kidogo kidogo, au yasirudi.

Wewe uliondoka Tanga siku ya pili baada ya Baba kuanguka, naye bado hajafumbua macho, na katika kelele zile sidhani kama kuna mtu alikaa nawe akakueleza. Nakueleza mimi.

Bonge la damu liliziba mshipa kichwani. Ipo dawa ya kuliyeyusha. Ikitolewa mapema inaokoa. Ikitolewa kwa kuchelewa, sehemu iliyokwisha kufa haihimili, inavuja damu. Kwa hiyo daktari huanza na swali moja: mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho lini? Kipimo kinachoweza kujibu bila kumuuliza mtu ni MRI, nayo hatuna. Ya karibu iko Moshi au Dar. Tulicho nacho ni CT, ninayoiendesha mimi. Mwaka jana mradi mmoja wa utafiti ulituletea kompyuta inayochukua picha ya CT na kutengeneza kutokana nayo picha ya MRI, kama ambavyo ingetoka mgonjwa angepimwa kweli. Inatengeneza mbili. Ya kwanza inaonyesha uharibifu tangu mwanzo wake. Ya pili inakawia saa kadhaa. Uharibifu ukionekana kwenye ya kwanza peke yake, kiharusi ni kipya. Ukionekana kwenye zote mbili, kimeshakaa.

Zamu ilikuwa yangu. Picha za Baba nilizipiga mimi. Uharibifu ulionekana kwenye zote mbili. Maana yake kilimpata usiku.

Daktari Fanueli akatoka kumuuliza Mama. Mama akasema, "Alfajiri kasali. Kasalia nyumbani kwa sababu ya mvua. Kaanguka baada ya hapo." Daktari akarudi, akaitazama tena ile picha, akaniambia, "Hii imechorwa na kompyuta. Yule ni mkewe." Akatoa dawa. Kabla ya adhuhuri Baba alikuwa anavuja damu kichwani.

Sasa watu wa mradi wameandika kwamba kompyuta ilikosea: palipokuwa na kiharusi kipya imeonyesha cha zamani. Wanasema kosa la namna hiyo litamnyima dawa mtu anayestahili kupewa. Wamekataza isitumike kumwamulia mgonjwa yeyote. Mwezi wa kumi watakaa waamue kama waiondoe kabisa Tanga.

Usiku ule wewe ulilala nyumbani, chumba kinachotazamana na chao. Nakuuliza jambo moja tu. Ulimwona Baba akisali alfajiri?

Mwanao,
Nasra


Wete, Pemba
29 Mei 2025

Mwanangu Nasra,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Mimi mzima, magoti ndiyo yanayonigombeza. Mbuzi mweusi kazaa mapacha, mmoja hakukaa. Shaib mwanangu anaezeka bati upande wa jikoni, kazi ya siku mbili, anaifanya wiki ya tatu. Mikarafuu imeanza kutoa vichwa na watu wameshaanza kugombania wachumaji.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimesomesha hesabu mpaka nikastaafu, kwa hiyo usinione mjinga nikiuliza. Hiyo kompyuta inajuaje MRI ya mtu ambaye hakupigwa MRI? Kama imejifunza kwa vichwa vya watu wengine, basi ile picha ni ya kichwa cha mdogo wangu, au ni ya vichwa vya hao watu wengine vikivishwa jina lake? Mwanafunzi akiniletea jibu bila njia, nilikuwa simpi alama hata jibu likiwa sahihi.

Daktari wenu simlaumu. Mtu mwenye akili akiwekewa picha ya kuchorwa na mke wa ndoa, atamsadiki mke.

Usiku ule nilikuwa nimechoka na arusi, tangu asubuhi tulikuwa kwenye masufuria. Na mimi, unavyojua, sisikii.

Mpe wifi yangu Mwanamkasi salamu. Mwambie kanga alizonipa zimepata sifa hapa, jirani keshaniomba moja. Luqmani mkande mguu kwa mafuta ya nazi yenye uvuguvugu, kutoka juu kwenda chini. Msikande kinyume.

Shangazi yako,
Rahila


Makorora
15 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Idi imepita salama. Uweso kachinja, nyama tumeigawa Makorora na Ngamiani. Baba tulimvisha kanzu aliyoishona mwenyewe mwaka jana, imekuwa pana. Wateja wake wa barabara ya kumi na mbili walikuja kumwona, wakakaa, wakamweleza habari za vitambaa. Yeye anawatazama. Mguu tunaukanda ulivyosema.

Nakujibu. Kompyuta haimvishi mtu kichwa cha mwingine. Imeonyeshwa maelfu ya watu waliopigwa picha zote mbili, CT na MRI, ikajifunza kivuli gani kwenye CT huwa kitu gani kwenye MRI. Kivuli ni cha Baba, kimo kwenye CT yake, ila ni hafifu na jicho langu halikioni. Inaweza kukosea. Kabla ya Baba tulikuwa tumeitumia kwa wagonjwa wengi na haikuwa imekosea jambo zito. Njia ya jibu hakuna anayeweza kukuonyesha yote, hata walioitengeneza. Hapo umenishinda.

Wiki iliyopita aliletwa Bi Shadya, yule muuza mbaazi na maandazi wa Ngamiani anayeishi peke yake. Jirani alimkuta asubuhi kaketi jikoni, mkono umelala. Kimemwanza lini, hapana aliyejua. Nikampiga picha. Kompyuta ikaonyesha uharibifu kwenye picha ya kwanza tu, ya pili safi. Yaani kipya, dawa inamfaa. Daktari Fanueli akasimama mbele ya kioo cha kompyuta. Akasema, "Siruhusiwi kuitumia, Nasra." Nikamwambia najua. Hakumpa. Bi Shadya sasa amepooza upande mmoja, yuko kwa dada yake Makorora, nyumba ya nne kutoka kwetu. Simwambii mtu yeyote kwamba dawa ingemponya. Huenda isingemponya. Lakini hakupewa kwa sababu ya alfajiri ya Baba.

Sikukuuliza ulichosikia, Shangazi. Nilikuuliza ulichoona.

Nasra


Wete
20 Julai 2025

Mwanangu,

Usihesabu uvivu. Boti iliharibika, Nasri kakaa wiki nzima kichwa kimo ndani ya injini, nami barua yako nimeipata juzi. Hapa wamekwisha kupanda mikarafuu kuchuma. Majamvi yametandazwa mpaka barabarani, kila apitaye ananukia. Rukia mkwe wangu kajifungua mtoto wa kike, wamempa jina langu. Nimewaambia wangoje nife kwanza, hawakusikia. Sasa tuko wawili tusiosikia.

Umeuliza mara ya pili. Nami nakuuliza: ukishapata jibu, utalipeleka wapi? Mdogo wangu tangu abaleghe hajapitwa na alfajiri. Ngamiani nzima inalijua hilo, na ndilo watakalolisema siku ya maziko yake, maana mali hana. Mtu akisema siku ile hakuamka, watakaoulizwa si watu wa kompyuta. Ataulizwa mama yako: wewe uliyelala ubavuni mwake ulikuwa wapi? Kisha ataulizwa la pili: na kwa nini ulimwambia daktari kasali?

Sisi tumelelewa kustiriana. Mgeni akikuuliza habari ya mumeo mlangoni, hata awe daktari, unamjibu lile linalomweka mumeo pazuri. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nasema ndivyo tulivyo.

Kompyuta wakiizima haitalia. Mama yako akilia utamzima na nini?

Una ukaidi wa bibi yako mzaa baba. Yeye alikufa anabishana na muuguzi.

Rahila


Makorora
3 Agosti 2025

Shangazi Rahila,

Shikamoo, na hongera kwa wajina. Mungu amkuze. Mama anamshonea kofia.

Bi Shadya hajaweza kusimama. Nampitia nikitoka kazini.

Nina jambo jipya. Ijumaa ya juzi imamu alikuja kumtazama Baba. Akamwambia akili yako timamu, kwa hiyo swala ni wajibu juu yako, sali kwa kukaa, ukishindwa kwa macho, na zilizokupita ulipe kwa nafasi yako. Baba akaitika kwa kichwa. Kesho yake baada ya chai akaonyesha anataka udhu. Nikamtawadhisha, nikamgeuza na kiti chake kuelekea kibla, nikakaa nyuma kwenye mkeka kumenya vitunguu.

Akasali rakaa mbili kwa kuinamisha kichwa, akatoa salamu. Akapumzika kidogo. Akasali nne. Akapumzika, nne. Kisha tatu. Kisha nne. Hapo akachoka.

Leo akaendelea: mbili, nne, nne, tatu, nne.

Nilikaa na vile vitunguu mkononi. Kama siku ile alfajiri alisali, swala ya kwanza kumpita ni adhuhuri. Angeanza na nne, si na mbili za alfajiri.

Nilimwambia Mama jikoni. Akasema, "Zile za mwanzo ni sunna." Nikamwambia mtu anayelipa miezi mitatu kwa mkono mmoja haanzi na sunna, anaanza na za wajibu. Akasema, "Wewe tangu lini umekuwa sheikh?" Akageuza mkate wa kumimina. Ulikuwa umeungua.

Nakuuliza kama mwanafunzi wako. Nimekosea hesabu?

Nasra


Wete
21 Agosti 2025

Nasra,

Marahaba. Wote wazima. Karafuu zimekauka vizuri, jua halikututupa.

Hukukosea. Baba yetu alitufundisha mimi na Luqmani kwenye mkeka mmoja: zikikupita nyingi, unaanza na ile iliyotangulia kukupita, unakwenda kwa mpangilio. Luqmani alikuwa mdogo, akiruka moja anarudishwa mwanzo. Hawezi kuwa amekosea.

Zaidi ya hapo usiniulize. Muulize mwenye swala.

Rahila


Makorora
14 Septemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Maulidi tumesomewa hapa nyumbani, watu walijaa mpaka nje, Baba kakaa mlangoni anapokea mikono kwa mkono wa kushoto. Uweso anaposa Muheza. Hayo mazuri.

Nimemuuliza mwenye swala kama ulivyosema. Ilikuwa baada ya alasiri. Nikapiga magoti mbele ya kiti. "Baba, zile rakaa mbili ulizoanza nazo, ni alfajiri ya siku ile?" Akanitazama. Akainua kidole, yaani ndiyo. Nikamuuliza tena kwa kugeuza, nisije nikamtia maneno: "Siku ile uliamka ukasali?" Kidole kikabaki pajani.

Mama alikuwa nyuma yangu na kikombe cha uji. Sikumsikia kuingia. Akakiweka chini.

"Nilimtikisa," akasema. "Akakoroma. Nikasema kachoka na arusi, wacha alale, atalipa. Jua lilipotoka nikarudi, akataka kuinuka, akaanguka."

"Kwa nini ulimwambia daktari kasali?"

"Aliniuliza mbele ya watu wote wale. Ningesema mume wangu kalala mpaka jua limemtokea?" Kisha akaniuliza, "Picha yako ilisema nini?"

"Ilisema usiku."

"Basi."

Jumatatu nikaenda naye kwa Daktari Fanueli. Alivaa baibui lake la kutokea. Alisema yote kwa sauti moja, kama anasoma risiti ya dukani. Daktari aliandika. Alipomaliza Mama akamuuliza, "Ningekwambia hivi siku ile, ungempa ile dawa?" Daktari akasema, "Nisingempa." "Leo angekuwa anasema?" Daktari akasema hajui. Akasema kiharusi chenyewe nacho kilikuwa kikubwa. Mama akamshukuru. Njiani alinunua ndimu.

Daktari aliwapelekea watu wa mradi. Wamejibu kwa heshima. Wanasema maneno ya mke ni ya mtu aliyekwisha kuyabadilisha mara moja, na ni mama wa mfanyakazi wa mashine hiyo hiyo. Kidole cha mgonjwa asiyesema hawawezi kukiandika kama ushahidi. Wanataka mtu wa pili aliyekuwemo nyumbani. Wasipompata, kosa linabaki kosa la kompyuta, na tarehe saba ya mwezi ujao wanaifunga.

Uweso alikuwa Muheza usiku ule. Mimi nilikuwa zamu. Mtu wa pili ni wewe.

Mama hajui kama nakuandikia hili. Yeye lake keshalisema. Huku kumsitiri hakuna tena kilichobaki. Kama kuna mwingine unayemsitiri, simjui.

Nasra


Wete
29 Septemba 2025

Mwanangu Nasra,

Marahaba. Salamu za huku usizingoje leo. Nasri anaondoka alfajiri na nataka aondoke na hii.

Yafuatayo nimeyaandika kwa ajili ya kupelekwa. Yasiongezwe wala yasipunguzwe.

Mimi Rahila binti Idarusi, mwalimu mstaafu, mkazi wa Wete, nilikuwa mgeni nyumbani kwa mdogo wangu Luqmani Idarusi, Makorora, usiku aliopatwa na maradhi. Sisikii, kwa hiyo huamshwa na saa ya mkononi inayotetema. Ilinitetemesha kabla ya adhana ya alfajiri. Nilitoka kwenda kutawadha. Mlango wa chumba chao ulikuwa wazi na taa inawaka. Mke wake alikuwa amesimama upande wa ukutani akimtikisa bega la kushoto. Luqmani alikuwa amelala chali, uso umeelekea mlangoni, kwangu mimi. Mdomo wake ulikuwa umekwenda kulia kwa chini na mate yanatoka. Macho yalikuwa hayakufumba vizuri. Mke wake kwa pale aliposimama alikuwa anaona kisogo. Alizima taa, akaja kusali. Tulisali pamoja. Luqmani hakusali. Baada ya swala nilirudi kulala. Sikumwambia mtu.

Hapo ndipo yanapoishia ya kupelekwa.

Yangu na yako ni haya. Niliuona ule mdomo nikaujua, maana mume wangu alianza hivyo hivyo. Ukiniuliza kwa nini nilirudi kulala, sina njia ya kukuonyesha, nina jibu tupu tu: nilirudi kulala.

Kabla hujaipeleka kwa daktari, msomee Luqmani. Yote, pamoja na hii sehemu ya chini. Akiinua kidole, ipeleke. Asipoinua, ichane, na hao watu wazime kompyuta yao.

Rahila


Makorora
12 Oktoba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa, nilikuwa nangoja jibu la watu wa mradi ili nikuandikie mara moja.

Nilimsomea Baba siku ile ile iliyofika. Nilisoma taratibu. Nilipofika kwenye mdomo akafumba macho, nikanyamaza, akanipungia niendelee. Nikasoma mpaka jina lako. Kisha akainua kidole, akakiacha juu mpaka mimi nilipokishusha.

Daktari Fanueli alituma nakala jioni. Tarehe saba walikaa. Wameandika kwamba historia ya mgonjwa ilitolewa visivyo na kwamba picha haikukosea. Baba wamemtoa kwenye idadi ya makosa. Kwenye idadi ya yaliyo sahihi hawakumwingiza. Kompyuta imefunguliwa tangu jana. Daktari sasa hawaulizi watu koridoni. Anamwita mmoja ndani, anafunga mlango, na hamuulizi kama mgonjwa alisali. Anauliza nani alimwona amesimama.

Bi Shadya tumempelekea gongo la kutembelea. Amejaribu mara moja.

Mama aliisikia barua yako. Alikuwa nyuma ya pazia, nami nilijua yupo, nikaisoma yote ulivyotaka. Tangu siku ile hakulitaja jina lako. Leo anaosha mchele kanitazama, akasema nikuandikie uje.

Nasra